Fundi Bado Kidogo na Gari Lake Bi Mdogo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye njiani apunguze mwendo. Aliye chini ya gari, na najua mpo, abaki huko huko chini, maana habari ya leo ni yake.

Leo tunamkumbuka fundi wa magari. Alifariki dunia wiki iliyopita, nyumbani kwake, kitandani kwake, baada ya kuugua kifua kwa miezi kadhaa. Alikuwa na jina lake la kwenye vyeti, lakini hata mkewe alikuwa analisahau. Sisi tulimwita Bado Kidogo. Fundi Bado Kidogo.

Nawaambia mapema, wasikilizaji wapendwa, msiniwekee nyuso za huzuni mwanzo hadi mwisho. Kumbukumbu hii inaanza na msiba, hilo halina ubishi. Lakini inaishia mahali ambapo kundi zima la watu lilishusha pumzi kwa pamoja. Nyinyi nifuateni tu.

Jina lilitoka wapi? Lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Ukimuuliza, fundi, gari langu vipi? Bado kidogo. Gari limeshapona, limeoshwa, ufunguo uko mkononi mwako, unamuuliza niende? Bado kidogo, ngoja nilisikilize tena. Siku ya harusi yake, mshenga alipomuuliza kama yuko tayari, alijibu hivyo hivyo, na bibi harusi akamsikia. Bibi harusi huyo ndiye mama mshonaji, mjane wake. Anasema, "Nilimwambia, hiyo kidogo yako imalizie humu ndani, mimi nimeshavaa."

Gereji yake ni paa la bati juu ya nguzo, na ukuta mmoja tu. Sakafu imekunywa oili mpaka imekuwa nyeusi na laini kama ngozi ya kiatu. Mteja anakaa kwenye kiti cha mbele cha gari lililokufa zamani, na mkanda wake bado upo; wengine walikuwa wanaufunga kwa mazoea. Ule ukuta mmoja ni wa duka la mkewe. Upande huu spana, upande ule cherehani. Nyundo ikizidi, mama mshonaji anagonga ukuta kwa rula. Cherehani ikizidi, fundi hagongi kitu. Alijua mwenye ukuta ni nani.

Walizaa binti mmoja. Huyu binti alikulia baina ya pande hizo mbili, akapewa vitambaa achague, akachagua spana. Leo ni mtu mzima, fundi kamili, anaitwa Nati. Mama yake alinuna kidogo, kisha akamshonea ovaroli yenye mifuko inayokaa vizuri kuliko ya fundi yeyote mjini.

Bado Kidogo alimfundisha binti yake mambo mengi, lakini mawili aliyarudia mpaka yakawa kama salamu. Nami nayarudia kwenu, maana tutayahitaji huko mbele.

La kwanza: gusa kitu kimoja, kisha sikiliza. Ukigusa viwili kwa pamoja na gari likapona, hujui nani kaliponya. Utamshukuru asiyehusika.

La pili lilikuwa swali. Kabla hajafungua boneti, alimuuliza mwenye gari: "Kabla ugonjwa haujaanza, uligusa nini?" Kila mtu alijibu, sikugusa kitu. Naye alikaa kimya, akifuta mikono kwa tambara, mpaka mtu akumbuke. Kuna mwoka mikate mmoja alileta gari lililoishiwa nguvu. Halipandi, halikimbii, mikate inafika imelala. Mafundi wawili walikuwa wameshachezea injini yake. Bado Kidogo akamuuliza, uligusa nini? Sikugusa. Uligusa nini? Nimekwambia sikugusa. Akanyamaza. Mwoka mikate akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Labda zulia. Nilinunua zulia jipya la chini, zito, zuri." Fundi akainama, akavuta zulia lililokuwa limekaa chini ya pedeli ya mafuta kama kabari. Gari likaondoka hapo likiruka. Injini yeye hakuigusa hata kwa kidole.

Huyo ndiye Bado Kidogo. Magari ya watu yalimtii. Lakini wahenga hawakukosea waliposema mganga hajigangi. Gari lake mwenyewe lilimshinda.

Ni pikapu ya buluu, wasikilizaji wapendwa, ya zamani kuliko ndoa nyingi za mtaa ule. Mama mshonaji aliipa jina. Bi Mdogo. Sababu yake aliitoa hadharani: "Mimi ni mke mkubwa, yule ni mke mwenzangu. Na kama mjuavyo, anayepakwa mafuta kila siku ni bi mdogo."

Ugonjwa wa Bi Mdogo ulikuwa mmoja. Anazima njiani. Pale gereji anawaka, ananguruma, anaweza kushinda hivyo mpaka mchana ukachoka. Mtoe barabara ndefu, hasa ile inayopita kiwanda cha matofali na kupanda kilima kuelekea makaburini, ataanza kukohoa. Atashtuka mara mbili tatu. Kisha kimya. Pale pale, karibu na lundo la matofali yaliyoungua vibaya. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wanaacha kazi kumlaki. "Fundi, umetuletea mgonjwa tena?" Naye anawajibu, "Nimewaletea salamu."

Hapo fundi anashuka. Anafungua boneti. Anasafisha plagi, au anabadili koili inayozipa plagi moto, au anafungua kabureta na kuipuliza. Akimaliza anakwenda nyuma kwenye tangi. Mshale wa mafuta wa Bi Mdogo ulikufa zamani, kwa hiyo kiasi cha mafuta hupimwa kwa kijiti kinachokaa nyuma ya kiti. Anafungua kifuniko huku anapiga mluzi. Alikuwa na mluzi wake mmoja, hauna mwanzo wala mwisho, na hakuwahi kufungua tangi bila kuupiga. Anatumbukiza kijiti, anakitazama. "Mafuta yapo. Piga stata." Mkewe anapiga stata. Bi Mdogo anawaka kama aliyeitwa chakula. Fundi anafunga boneti kwa furaha. "Nilijua ni koili."

Safari nyingine, nilijua ni plagi. Nyingine, nilijua ni pampu ya mafuta. Muuza vipuri wa jirani anasema, "Alibadili kila kitu kwenye gari lile isipokuwa mke mkubwa. Na kila alipokuja kuniambia amelipata tatizo, mimi nilikuwa naagiza kipuri kinachofuata."

Watu walimcheka. Alicheka nao. Alikuwa na kicheko kinachoanza tumboni, mpaka spana inamtoka mkononi. Kumbukeni hili la kicheko.

Alipougua na kuona safari yake mwenyewe imekaribia, alimwita mkewe, binti yake na mdogo wake. Huyu mdogo wake, baba mdogo wa Nati, ni dereva mstaafu wa mabasi ya masafa. Mtu wa saa. Anakunywa chai akiitazama saa, utadhani chai itaondoka bila yeye. Bado Kidogo akawaambia, "Siku yangu ikifika, nipelekeni na Bi Mdogo."

Baba mdogo akasema, "Kaka, Bi Mdogo hajawahi kupanda kile kilima bila kuzima."

Mgonjwa akamjibu, "Nami sijawahi kufa. Kila jambo lina mwanzo."

Wakacheka wote, kisha wakalia wote. Baadaye akamgeukia binti yake. "Nati. Bi Mdogo vipi?"

"Bado kidogo, baba," Nati akasema.

Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho ya kikazi. Alfajiri moja Bado Kidogo hakuamka. Mkewe anasema alimkuta amevaa soksi zenye grisi. Hata ugonjwa haukumzuia kutoroka usiku kwenda gereji.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mazishi yalipangwa kesho yake mchana. Nyumba imejaa watu, viti vimeazimwa, sufuria zimeazimwa. Baba mdogo akamvuta Nati pembeni, kwenye uchochoro ulio kando ya gereji.

"Mwanangu," akasema, "naagiza gari la kukodi kwa ajili ya kesho."

"Baba alisema Bi Mdogo."

"Nilikuwepo aliposema. Sikiliza. Miaka yote watu walimcheka kaka yangu pale kiwandani, naye akacheka nao. Ilikuwa inatosha. Kesho akizimikiwa pale, yumo ndani ya jeneza. Hataweza kucheka nao. Watakuwa wanamcheka yeye." Akavua miwani, akaifuta. "Mimi sitasukuma jeneza la kaka yangu mbele ya watu. Siwezi."

Jambo alilolisema baba mdogo lilikuwa la haki. Nati akatazama chini ya paa la gereji, pale Bi Mdogo alipoegeshwa, vumbi usoni.

"Nipe mpaka jua lizame," akasema.

"Ukija jua likizama, usiniambie bado kidogo. Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote. Nataka neno moja. Tayari. Likitoka mdomoni mwako, kesho mimi mwenyewe nakaa nyuma na jeneza. Lisipotoka, naagiza gari."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wasikilizaji wapendwa. Kabla jua halijazama, binti agundue ugonjwa wa gari uliomshinda baba yake. Akiugundua, baba anakwenda kwa gari lake kama alivyoomba. Asipougundua, anakwenda kwa gari la mtu asiyemjua.

Akaanza pale gereji, kama baba yake alivyokuwa akianza. Akajaza tangi. Akapima kwa kijiti, akakiweka kijiti na kifuniko cha tangi juu ya meza ya kazi, mahali vinapokaa siku zote gari likiwa gereji. Akawasha injini. Bi Mdogo akanguruma. Nati akasikiliza kwa sikio, akasikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni. Akatazama moto wa plagi. Safi. Akatazama mafuta yanavyofika kwenye kabureta. Safi. Waombolezaji wanapita, wanamwambia pole, anaitikia akiwa ameingia nusu mwili ndani ya boneti. Muda ukapita. Bi Mdogo hakuzima. Gereji hajambo, njiani taabani.

"Huyu hataki kuugulia nyumbani," Nati akasema peke yake. Akafunga kifuniko, akarudisha kijiti nyuma ya kiti, akafungua mlango wa dereva. Mlango wa pili ukafunguka. Mama mshonaji akaingia, akakaa, akaweka mikono magotini.

"Mama, una wageni."

"Wageni wana chai. Kesho anayesafiri ni mume wangu. Nataka kujua anapanda nini."

Ukweli wake, kama alivyotuambia baadaye, alikuwa amechoka kuambiwa jikaze. Alitaka kukaa mahali ambapo hakuna anayemwambia kitu.

Wakaondoka. Wakapita soko, wakapita stendi, wakatoka mjini. Kiwanda cha matofali kikaonekana. Bi Mdogo akakohoa. Akashtuka. Akazima. Pale pale kwenye lundo la matofali yaliyoungua.

Wafanyakazi wa kiwanda wakasimama. Safari hii hakuna aliyetania. Mmoja alivua kofia.

Nati akashuka, akafungua boneti. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye koili, maana ndiko mkono wa baba yake ulikokuwa ukienda. Nusu ya njia, akausimamisha. Akakumbuka lile la kwanza. Gusa kitu kimoja, kisha sikiliza. Akaweka mikono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekatazwa sukari. Asiguse kitu. Afikiri kwanza.

Huku nyuma mama yake alikuwa ameshashuka na kijiti. Miaka yote ya kuzimikiwa ilikuwa imemfundisha hatua zote. "Baba yako saa hizi angekuwa anapima mafuta," akasema, akashika kifuniko, akakizungusha.

Hakupiga mluzi. Mama mshonaji hajui kupiga mluzi, na hata angejua, siku ile asingepiga. Palikuwa kimya. Na katika kimya kile Nati akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia maisha yake yote.

Fyuuuu. Ndefu, nyembamba, ikaisha.

"Mama. Umesikia?"

"Nisikie nini?"

"Gari limevuta pumzi."

"Afadhali yeye," mama akasema. Akatumbukiza kijiti. "Mafuta yamejaa. Njoo upige stata."

Nati akapiga stata. Bi Mdogo akawaka mara moja. Kumbukeni, kule mbele hakuna kilichoguswa. Plagi ni zile zile, koili ni ile ile. Baba yake angefurahi hapo hapo, angefunga boneti na kusema nilijua. Nati hakufurahi. Akarudisha kifuniko, akakikaza kwa nguvu zake zote, akaendesha. Akazunguka barabara ya kiwanda, akazunguka tena, mpaka Bi Mdogo akakohoa na kuzima kwa mara ya pili. Safari hii boneti haikufunguliwa kabisa. Akaenda moja kwa moja nyuma, akakizungusha kifuniko polepole, sikio karibu.

Fyuuuu.

Akapiga stata. Bi Mdogo akawaka.

Hapo Nati akakaa chini, kwenye tofali.

Wasikilizaji wapendwa, niwaeleze kwa lugha ya nyumbani. Chukua chupa laini ya maji. Weka mdomoni, ziba kabisa kwa midomo, unyonye. Maji yanakuja, yanakuja, kisha chupa inabonyea na maji yanakataa. Kwa nini? Kwa sababu yanatoka maji na haiingii hewa. Tangi la gari ni hivyo hivyo. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Tangi la Bi Mdogo lilikuwa halipati hewa. Ukikaa gereji na kifuniko kiko mezani, hewa tele. Ukienda njiani na kifuniko kimekazwa, tangi linakabwa, injini inakosa mafuta, inazima. Akija mtu kufungua ili apime, hewa inaingia, gari linapona. Basi fundi wetu miaka yote alikuwa anagusa vitu viwili. Anagusa koili, kisha anagusa kifuniko. Na sifa zote akawa anampa koili. Sauti ya hewa nayo alikuwa anaifunika kwa mluzi wake mwenyewe.

Nati akakigeuza kifuniko. Kwa ndani, kwenye kitundu kidogo ambacho hewa hupita, palikuwa na kipande cha mpira mweusi. Kimekatwa duara safi, kimebandikwa kwa gundi, kazi ya mkono wa mtu makini. Mpira wa tyubu ya tairi. Hakikuja hivyo kutoka kwa waliotengeneza gari.

Akaenda kwa mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa pikapu. Akamuuliza lile swali la pili.

"Mama. Kabla Bi Mdogo hajaanza kuzima, mligusa nini?"

"Hatukugusa kitu."

Nati akanyamaza. Akachukua tambara, akafuta mikono. Kama baba yake.

Mama akakitazama kifuniko. Akautazama ule mpira. Uso wake ukabadilika.

"Mkasi wangu," akasema.

"Mkasi?"

"Wewe ulikuwa mtoto mdogo. Nilikuwa napeleka nguo za wateja kwa gari hili. Gauni la bibi harusi likarudishwa, linanuka petroli. Nikalia siku nzima. Baba yako akaniambia, kesho hutasikia harufu tena. Na kweli, sikuisikia tena. Sasa unajua mpira ule aliukata na nini? Na mkasi wangu wa kitambaa. Mkasi wa marehemu mama yangu. Kukata mpira, Nati. Tangu hapo ukawa unatafuna kitambaa kama mbuzi."

"Ukamfanya nini?"

"Nikamnunia. Nikamwambia, habari ya huo mpira nisiisikie tena ndani ya nyumba hii, milele. Naye hakuitaja tena, mpaka nadhani akaisahau."

"Miaka yote hii?"

"Baba yako alikuwa mtiifu pale asipotakiwa."

Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko, na Nati akamshika, na wale wa kiwandani wakatazama pembeni kwa heshima. "Kwa hiyo ni mimi," mama akasema. "Ni mimi niliyekuwa nalizima."

"Ni mkasi, mama. Na ni mluzi. Na ni yeye kukupenda. Uchague mwenyewe wa kumlaumu."

Mama hakuchagua. Nati akabandua mpira kwa bisibisi ya baba yake. Kitundu kilikuwa kimejaa gundi kavu, bisibisi haiingii. Mama akapeleka mkono kwenye ukosi wa gauni. Mshonaji hakosi sindano ukosini, hata kwenye msiba. Akaichomoa. "Lete hapa. Hii kazi ni ya kwetu." Akazibua kile kitundu taratibu, akakipuliza, akakiangalia dhidi ya jua mpaka mwanga ukapita.

Wakawasha. Wakapanda kilima. Nati ameshika usukani utadhani ameshika yai. Wakafika lango la makaburi, wakageuza, wakashuka, wakapanda tena, wakashuka tena. Bi Mdogo hakukohoa. Jua likaanza kuwa jekundu, ndipo wakarudi mjini.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha wateja, saa mkononi, na mkanda ameufunga bila kujua. Akasimama, mkanda ukamvuta, akakaa tena.

"Vipi?"

Nati anasema neno lilimjia ulimini kwa mazoea. Bado ki. Akalimeza. Akafuta mikono kwa tambara.

"Tayari."

Mzee yule wa saa akafungua mkanda, akasimama. "Sijawahi kulisikia neno hilo likitoka kwenye gereji hii," akasema.

Siku ya pili Bado Kidogo alipakiwa ndani ya Bi Mdogo. Baba mdogo akakaa nyuma na jeneza, kama alivyoahidi. Mama mshonaji mbele, Nati kwenye usukani. Nyuma yao msururu wa magari ambayo fundi aliyaponya, likiwemo la mwoka mikate. Na sasa nitawachongea watu, wanisamehe. Karibu kila gari kwenye msururu ule lilikuwa na kamba ya kuvutia. Hawakuambiana. Kila mmoja alikuja na yake, kwa mapenzi na kwa mashaka. Muuza vipuri alikuja na koili mpya mfukoni mwa koti jeusi.

Wakafika kiwanda cha matofali. Wafanyakazi wamejipanga kando ya barabara. Hakuna anayesema. Baba mdogo ameweka kiganja juu ya jeneza, macho ameyafumba. Bi Mdogo akalifikia lile lundo. Akalipita. Akaingia gia ndogo, akaanza kupanda, akinguruma sauti moja, bila kukohoa, mpaka juu. Hapo ndipo msururu mzima uliposhusha pumzi. Baba mdogo anasema, "Nilisikia magari yote nyuma yangu yamepumua. Nikafungua macho nikamwambia kaka, umepita."

Langoni, Nati hakutaka kuzima. Akabaki ameshika ufunguo, injini inanguruma. Mama yake akamgusa mkono. "Zima, mwanangu. Tumefika."

Akageuza ufunguo. Na wale waliokuwa karibu wanasema kilikuwa kimya kizuri. Kwa mara ya kwanza kwenye kilima kile, Bi Mdogo alizimwa na mwenye ufunguo.

Mama mshonaji alishuka, akanusa mkono wa gauni lake jeusi. Kitundu kimefunguliwa, harufu imerudi. Jirani akamwambia, mama, unanuka petroli. Akajibu, "Acha ninuke. Leo naruhusiwa."

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye tuliyekuja kumkumbuka. Fundi Bado Kidogo, aliyeponya magari ya watu, na gari lake likaponywa na binti yake kwa maneno yake mwenyewe, na kwa sindano ya mkewe. Pole sana mama mshonaji. Pole Nati. Pole baba mdogo, na saa yako. Mungu ampe mapumziko yasiyo na mtu wa kumuuliza gari liko wapi.

Nanyi mnaonisikiliza, leo kabla hamjalala, angalieni nyumbani. Huenda kuna kitu kinachozima kila mara, na mmeshabadili kila kipuri. Ulizaneni lile swali lake. Kabla haijaanza, tuligusa nini? Na ikiwa kuna habari mliyokatazana kuitaja, labda ya mkasi, labda ya jambo dogo kuliko mkasi, itajeni. Mkicheka, mmepona. Mkilia, hewa imeingia.

Pumzika, fundi. Gari lako tayari.